Chuma ndani ya mwamba: wapandaji na sheria ya nyika katika hifadhi za Marekani

Wapanda miamba wanaokwea kuta ndefu za mawe katika hifadhi za taifa nchini Marekani huacha nyuma yao vipande vya chuma vilivyokazwa ndani ya mwamba. Kipande kimoja ni kama urefu wa kidole, na mtu aliyesimama bondeni hawezi kukiona. Hata hivyo vipande hivyo vimezua mvutano wa miaka mingi baina ya wapandaji, wasimamizi wa hifadhi, watetezi wa mazingira na jamii za wenyeji asilia wa nchi hiyo. Mwezi Januari mwaka 2025 mvutano huo uligusiwa hadi katika sheria iliyotiwa saini na Rais wa nchi.

Swali lenyewe ni jepesi kuliuliza. Je, chuma cha namna hiyo ni kitu kilichosimikwa, mfano wa jengo au mlingoti, ambacho sheria inakikataza katika maeneo yaliyotengwa yabaki katika hali yake ya asili? Au ni zana ya usalama tu, ambayo bila hiyo mpandaji hawezi kufika wala kurudi salama? Kwa upande mmoja pana uhai wa mtu anayening'inia mamia ya mita juu ya ardhi. Kwa upande wa pili pana ahadi ambayo taifa zima lilijiwekea, kwamba pawepo mahali ambapo mkono wa binadamu hautaacha alama ya kudumu.

Kazi ya kishikizo

Mpandaji wa miamba hukwea kwa mikono na miguu yake. Kamba haimvuti kwenda juu. Kazi yake ni kumdaka akianguka. Lakini kamba haina faida isipofungwa mahali palipo imara, na hapo ndipo vinapohitajika vishikizo.

Vishikizo ni vya aina mbili. Kuna vile vinavyoingizwa katika ufa wa mwamba na kutolewa tena na mpandaji wa mwisho anapopita, mithili ya kabari. Hivyo haviachi kitu nyuma. Aina ya pili ni vishikizo vya kudumu, na mashuhuri miongoni mwao ni bolti. Mpandaji hutoboa tundu katika mwamba, akapigilia bolti ya chuma, kisha akaikaza kwa nati pamoja na kipande bapa chenye tundu la kupitishia pete na kamba. Bolti huwekwa pale ambapo mwamba ni mtupu, hauna ufa wa kuingizia kabari.

Bolti hutumika vilevile katika kuteremka. Juu ya kuta nyingi hakuna njia ya kushukia kwa miguu. Mpandaji hupitisha kamba yake katika pete mbili zilizokazwa mwambani, akateremka kwa ncha zote mbili, kisha akaivuta kamba imfuate. Pasipo pete hizo, wapandaji huzungusha kamba katika shina la mti uliojiotea mwambani au katika jiwe lililochomoza, na kila kundi huacha pale kipande cha utepe au kamba kuukuu. Baada ya misimu michache gome la mti limechubuka, udongo wa mizizi umeporomoka, na tambara za rangi mbalimbali zinapepea mahali palipokusudiwa kuwa nyika. Kwa hiyo ipo hali ambayo bolti mbili huhifadhi mazingira kuliko kutokuwepo kwake.

Mabishano yaliyoanza kwa wapandaji wenyewe

Kitovu cha historia hii ni Yosemite, hifadhi ya taifa iliyoko katika jimbo la California, na hasa ukuta wa El Capitan wenye kimo cha mita zipatazo 900. Ukuta huo ulikwewa kwa mara ya kwanza mwaka 1958 na Warren Harding pamoja na wenzake Wayne Merry na George Whitmore. Kazi hiyo ilichukua siku 45 zilizogawanyika katika kipindi cha takriban mwaka mmoja na nusu, na Harding na wenzake walitoboa matundu ya bolti zipatazo 125.

Mwaka 1970 Harding alirudi El Capitan akiwa na Dean Caldwell. Walikaa ukutani siku 27, na safari hii idadi ya matundu ilikaribia 300. Mpandaji mwingine mashuhuri, Royal Robbins, alikasirishwa na wingi huo. Mwaka 1971 alikwea njia ileile huku akizikata bolti kadiri alivyopanda. Lakini alipofika mbali kidogo alitambua kuwa waliomtangulia walikuwa wamefanya kazi ngumu na ya ustadi, akaacha kukata. Kisa hicho kinasimuliwa hadi leo kwa sababu kilionyesha kwamba hata wapandaji hodari kuliko wote walishindwa kukubaliana ni bolti ngapi zinatosha.

Wakati huohuo tatizo jingine lilikuwa likikua. Kabla ya miaka ya 1970 zana kuu ya wapandaji ilikuwa pitoni, yaani msumari bapa wa chuma unaogongelewa ndani ya ufa na kung'olewa tena. Kugongwa na kung'olewa mara elfu kulipanua nyufa na kuziachia makovu ambayo bado yanaonekana Yosemite. Mwaka 1972 Yvon Chouinard na Tom Frost, waliokuwa wakiuza pitoni, walitumia orodha ya bidhaa za kampuni yao kuwahimiza wateja waziache na badala yake watumie kabari zinazoingizwa kwa mkono. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Wapandaji wengi waliitikia, na katika miaka michache desturi ilibadilika.

Sheria ya mwaka 1964

Desturi hiyo, hata hivyo, haikulimaliza suala la bolti, kwa kuwa kufikia wakati huo Marekani ilikwisha kuwa na sheria inayohusu maeneo yenyewe. Mwezi Septemba mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Nyika. Sheria hiyo ililipa Bunge uwezo wa kutenga maeneo ambamo binadamu ni mgeni apitaye tu. Ndani ya maeneo hayo barabara za kudumu ni marufuku, mitambo ya injini ni marufuku, na vivyo hivyo majengo na vitu vilivyosimikwa, isipokuwa pale inapothibitika kuwa ni lazima kwa ajili ya kusimamia eneo lenyewe. Hivi leo maeneo ya nyika yamefikia jumla ya hekta zipatazo milioni 45. Takriban asilimia 95 ya Yosemite imo ndani ya hesabu hiyo tangu mwaka 1984.

Kutokana na marufuku ya injini, keekee ya umeme hairuhusiwi katika nyika. Mpandaji anayetaka kuweka bolti hana budi kutoboa kwa mkono, kwa ncha ya chuma na nyundo. Katika jiwe gumu la matale tundu moja laweza kumchukua nusu saa au zaidi. Wasimamizi wengi wanaona uzito wa kazi hiyo kuwa ni ulinzi wenyewe: anayetoboa kwa jasho hawezi kutoboa ovyo.

Lakini je, bolti yenyewe imekatazwa? Sheria haikuitaja kwa jina. Mwaka 1998 Idara ya Misitu ilitamka kuwa vishikizo vya kudumu ni vitu vilivyosimikwa na kwa hiyo ni haramu katika nyika zote zilizo chini yake. Malalamiko yalikuwa makubwa, na miezi michache baadaye utekelezaji ukasitishwa. Kamati iliyokutanisha pande zote mwaka 2000 ilivunjika bila mwafaka.

Mwaka 2013 Idara ya Hifadhi za Taifa ilitoa agizo lake. Ilisema kuwa kupanda miamba ni matumizi halali ya nyika na kwamba bolti si kosa kwa zenyewe, lakini ziwe nadra, na mpya zisiwekwe pasipo ruhusa. Kuta zilizojaa bolti kutoka chini hadi juu, kama zile za viwanja vya michezo ya kupanda, zilitajwa kuwa haziendani na hali ya nyika.

Mwezi Novemba mwaka 2023 idara zote mbili zilichapisha rasimu za miongozo iliyorudia tafsiri kali: bolti ni kitu kilichosimikwa. Kila iliyopo na kila mpya ingehitaji kupimwa kwanza iwapo ni ya lazima kabisa. Chama cha Access Fund, kinachotetea haki za wapandaji, kilipinga vikali. Shirika la Wilderness Watch lenye makao yake Montana liliunga mkono, likisema sheria haiwezi kulegezwa kwa ajili ya mchezo mmoja, kwani waendesha baiskeli na wengineo nao watadai nafasi yao.

Hofu ya bolti kuukuu

Hoja iliyotiliwa mkazo zaidi na wapandaji ilihusu usalama. Bolti nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa nyembamba, milimita 6 tu, na chuma chake hakikukusudiwa kuhimili mvua na theluji kwa nusu karne. Baadhi zimekula kutu ndani ya mwamba, mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Nje kichwa kinang'aa. Ndani kinachobaki ni unga mwekundu.

Tangu mwaka 1998 taasisi ya kujitolea iitwayo American Safe Climbing Association imekuwa ikitoa bolti chakavu na kuweka za chuma kisichoshika kutu. Mafundi wake hujitahidi kuing'oa bolti ya zamani na kulitumia tundu lilelile, ili idadi ya matundu isiongezeke. Wapandaji waliuliza: iwapo kila badiliko la namna hii litasubiri faili lipite ofisini, nani atawajibika bolti ikikatika kabla ya jibu kutoka?

Wapinzani wao walijibu kuwa kila anayeingia nyikani huingia na hatari zake, na kwamba nyika iliyotengenezwa ili iwe salama si nyika tena. Waliongeza kwamba bolti haikai peke yake. Njia mpya ikishakuwekewa vishikizo na kuandikwa katika vitabu vya wapandaji, watu huja. Wakija, hukanyaga njia mpya kutoka barabarani, udongo wa chini ya ukuta hushindiliwa, na mimea ya nyufani husafishwa ili mikono ipate pa kushika. Haba na haba hujaza kibaba. Bolti moja haina madhara yanayoonekana, lakini mia moja huleta umati.

Wenye makazi juu ya mwamba

Ukuta wa mwamba unaoonekana mtupu kwa mbali una uhai mwingi. Huko Ontario, Canada, watafiti wakiongozwa na Doug Larson wa Chuo Kikuu cha Guelph waligundua kuwa mierezi midogo iliyodumaa katika magenge ya Niagara ni miti ya kale kupita kiasi. Mingine imepita umri wa miaka 1,000. Ilisalimika kwa sababu moto, mashoka na mifugo havikuweza kuifikia. Mpandaji ndiye kiumbe wa kwanza aliyeweza.

Ndege nao wana haki yao. Kozi, ambaye wasikilizaji walioko Oman na kwingineko Uarabuni wanamjua kwa jina la shahini, hutaga mayai katika vibaraza vya magenge. Dawa ya kuulia wadudu ya DDT ilikaribia kummaliza Marekani kabla ya kupigwa marufuku mwaka 1972. Mwaka 1978 kiota chake kilionekana tena El Capitan, na wapandaji ndio waliosaidia wanasayansi kufika katika viota vya Yosemite. Siku hizi hifadhi hiyo hufunga kuta zenye viota kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 15 Julai. Wapandaji kwa jumla huheshimu katazo hilo, kwa vile lina tarehe zinazojulikana na sababu inayoeleweka, na linagusa sehemu ndogo tu ya miamba.

Pana pia miamba ambayo kwa baadhi ya watu ni mahali pa ibada. Devils Tower katika jimbo la Wyoming, mnara wa kwanza wa kitaifa kutangazwa Marekani mwaka 1906, huitwa na Walakota Mato Tipila, yaani makao ya dubu, na ni patakatifu kwa zaidi ya jamii 20 za wenyeji asilia. Mpango wa mwaka 1995 ulikataza bolti mpya na kuwaomba wapandaji wajizuie wenyewe kila mwezi wa Juni, wakati wa ibada. Ni ombi, si amri. Wengi huitikia, na wachache hupanda.

Njia tofauti ilifuatwa huko Cave Rock, kando ya ziwa Tahoe, patakatifu pa Wawashoe. Wapandaji walikuwa wamekaza bolti nyingi na hata kusakafia chini ya pango. Mwaka 2003 Idara ya Misitu ilipiga marufuku kupanda mahali hapo, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa iliuthibitisha uamuzi huo. Bolti ziliondolewa. Hapo hapakuwa na idadi ndogo ambayo ingekubalika, kwa kuwa kwa Wawashoe kosa lilikuwa kupanda kwenyewe.

Mifano ya kwingineko

Marekani haiko peke yake katika jambo hili. Katika miamba ya mchanga ya Saxony, mashariki mwa Ujerumani, kanuni za wapandaji ziliandikwa mwaka 1913, miaka mingi kabla ya eneo hilo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1990. Kabari za chuma haziruhusiwi kwa sababu hukwangua jiwe laini. Badala yake mpandaji hukaza fundo la kamba katika ufa. Pete za chuma zipo, lakini ni chache na zimeachana mbali. Mwamba ukilowa, hakuna anayepanda.

Afrika Mashariki nayo inalijua suala hili. Mlima Kenya, ambao kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, makao ya Mungu, una vilele viwili vikuu vya mwamba, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188. Wapandaji wanaofika huko hurejea kwa kuteremka kwa kamba, wakitegemea vishikizo vilivyoachwa mwambani. Juu kabisa ya Nelion kuna kibanda kidogo cha mabati kilichojengwa na Ian Howell mwaka 1970, ambacho kimewasitiri wengi waliokutwa na usiku. Kwa kipimo cha sheria ya Marekani hicho ni kitu kilichosimikwa pasi na shaka yoyote. Kwa aliyekutwa na dhoruba ni uhai. Na katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wapandaji na tumbusi wanaotaga magengeni wanagombea kuta zilezile.

Sheria mpya na kazi iliyosalia

Rasimu za mwaka 2023 hazikupata kuwa kanuni. Mnamo tarehe 4 Januari mwaka 2025 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya shughuli za burudani katika ardhi za umma, iitwayo EXPLORE. Kifungu chake kimoja kinaziagiza idara kutoa mwongozo wa upandaji miamba katika muda wa miezi 18. Kinasema mwongozo huo utambue kuwa kuweka, kutumia na kutunza vishikizo vya kudumu ni jambo linalofaa katika nyika, mradi Sheria ya Nyika ya mwaka 1964 na nyinginezo zifuatwe, na kwa masharti ambayo waziri ataona yanahitajika.

Kwa maneno mengine, Bunge limesema bolti si haramu, lakini halikusema ni ngapi, wapi, wala nani ataruhusu. Majibu hayo yamerudi kwa wasimamizi wa kila hifadhi, na mifano iliyotajwa inaonyesha yale yaliyofaulu: ruhusa itolewe kabla ya tundu kutobolewa, bolti chakavu ibadilishwe upesi katika tundu lake la awali, vishikizo vya kushukia vipewe uzito kuliko vya kufungulia njia mpya, kuta za ndege zifungwe kwa msimu, na wenye patakatifu pao waulizwe mwanzo badala ya mwisho.

Masharti hayo yana gharama. Hifadhi inahitaji watumishi wanaojua kupanda, ili wakague kile wanachokiruhusu. Yosemite ina walinzi wa namna hiyo, na tangu mwaka 2021 inawataka wapandaji wanaolala ukutani wachukue kibali. Hifadhi ndogo haina watu hao. Huko, kibali kinachocheleweshwa huwashawishi baadhi kutoboa kwa siri, na tundu likishatobolewa haliwezi kurudishwa. Bolti hung'olewa na tundu likazibwa kwa vumbi la mawe na gundi, hata jicho lisilione. Lakini mwamba uliotobolewa hauoti tena kama ngozi.